Hodi Penye Matete

Simu ya mama ililia mara moja ikakatika. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita miaka hiyo: ananifleshi, kisha anaketi na simu mapajani akisubiri nimpigie kwa vocha yangu. Nilikuwa kwenye meza yangu ya samaki sokoni Bungoma, mikono ikinuka omena, na kabla sijajipangusa nilikuwa nimeshampigia. Mama hakuwahi kunifleshi kwa habari njema. Habari njema alizihifadhi mpaka nimtembelee Kitale, akanipakulia pamoja na ugali. Simu ilikuwa ya mabaya tu.

"Nini, mama?"

"Huyo mtu amefunga ng'ombe yake kwa swampu yangu."

"Huyo mtu" alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Nilimwambia mama anyamaze kwanza, asiende kufungua kamba, asirushe matusi, nitakuja Jumamosi. Nikakata simu na kumwuzia mteja omena bila kuangalia kopo limejaa au la. Sikuweza kufikiria kitu kingine. Ng'ombe yule alikuwa ni ujumbe, na mimi niliuelewa vizuri kuliko nilivyopenda.

Baba alipofariki, ndugu zake waligawa ardhi. Mama akapewa nyumba, bustani ya mbele, na kinamasi, hiyo swampu yake, kilichokuwa chini ya mteremko, kando ya kijito kinachoenda kuingia Mto Nzoia. Kinamasi kile hakuna aliyekitaka. Kilikuwa matete, matope na mbu. Mama alikichimbia mifereji, akakausha, akapanda nduma, kabeji na sukuma wiki, na wakati wa kiangazi, mashamba ya wenzake yakiwa yamegeuka rangi ya mkate, kwake kulikuwa kijani. Hapo ndipo baba mdogo alipoanza kukumbuka kwamba kinamasi kilikuwa cha baba yake pia. Hapakuwa na karatasi yoyote. Kwetu kule, shamba linalolimwa kila mtu anajua ni la nani, na likiachwa msimu mmoja watu wanaanza kuuliza.

Na mama alikuwa ameliacha. Tena aliliacha kwa sababu yangu mimi.

Niseme jinsi mambo yalivyoanza. Mimi ni muuza samaki. Nimeuza omena, hao dagaa wa Ziwa Viktoria, tangu nilipoolewa Bokoli na kuanza kushuka kwenda sokoni Bungoma. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilianza kuona gunia likija na vipande vya majani, changarawe, na samaki wadogo mno hata kichwa na mkia huvitofautishi. Kila mwaka, mvua za masika zikianza, uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa ziwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaane. Meza zetu hubaki tupu. Wenzangu wengine walikuwa wakienda Lwakhakha kutafuta omena waliovuka mpaka kutoka Uganda. Mimi sikwenda, na msinisifu kwa hilo. Ilikuwa ni woga tu. Mume wangu husema kwamba nikikosa kitu cha kuogopa, nitaogopa kwa nini nimekikosa.

Msimu mmoja wa kufungwa, afisa wa samaki aliita kikundi chetu cha wanawake kwenye ukumbi wa kanisa. Alikuwa mama wa makamo, sauti ndogo, na hakutukaripia kama tulivyozoea. Tulitarajia atuhesabie makosa ya nyavu. Badala yake alituuliza maji ya ziwa yanatoka wapi.

"Yanatoka kwenu," akasema. "Mto Nzoia unatoka milimani, unapita kwa mashamba ya mahindi ya Kitale, unapita hapo Webuye, ndio ufike ziwani. Mkifunga ziwa na huku juu mnateremsha udongo na mbolea, mmefunga nini? Nyavu ni jambo moja tu. Samaki anaishi na matope, na matete, na miti, na sabuni mnayofulia mtoni. Ukitaka kumchunga, vichunge vyote pamoja."

Akaeleza kwamba vinamasi vya huku juu ndivyo vinavyochuja maji kama kitambaa cha kuchujia chai, na kwamba wako samaki wanaopanda mito wakati wa mvua kutafuta matete ya kutagia mayai. Kisha akauliza ni nani mwenye jamaa zake kando ya mto huko juu, anayeweza kwenda kuzungumza nao waache kinamasi kijirudie. Kiherehere changu kikanitangulia. Mkono ulikuwa juu kabla sijafikiria ni shamba la nani ninalolitaja.

Nilipokwenda Kitale nilikuwa nimejiandaa kukataliwa. Njiani nilishuka Kamukuywa kununua ndizi, na ukweli ni kwamba sikuhitaji ndizi, nilikuwa nikichelewesha. Nilimkuta mama katikati ya kabeji zake, sketi imekunjwa magotini. Nikamweleza yote, la ziwa, la matete, la afisa. Alisikiliza akiwa ameinama, akiendelea kung'oa magugu.

"Ati samaki ya Kisumu inataka shamba yangu?"

"Si hivyo, mama."

"Si ndio hivyo? Mimi nikirima hapa, samaki inakufa huko."

"Ni wengi wanaolima. Si wewe peke yako."

Alinyooka, akashika kiuno, akatazama mifereji yake. Nikadhani atanifukuza. Badala yake akaanza kunisimulia jinsi, alipoletwa pale akiwa bibi harusi, wanawake walivyokuwa wakiingia kwenye matete yale na vikapu mvua zikinyesha, wakatoka na kambare wenye masharubu marefu. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha kuwashika bila kuchomwa na mapezi. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Nilikulia pale na kwa maisha yangu yote kijito kile nilikijua kama mahali pa kufulia.

"Hata hii kabeji siku hizi inakataa," akasema. "Udongo ikikauka inapasuka. Sawa. Nitaacha."

Ningefurahi, mtu angesema. Lakini jibu lile lilinitia hofu kuliko ambavyo kukataa kungenitia. Kukataa ningekubeba mpaka Bungoma nikakutua pale ukumbini: nimejaribu, mama ni mgumu. Sasa mama amekubali, na yeye akikubali jambo halirudi nyuma. Kabla sijaondoka alikuwa ameanza kuziba mifereji yake kwa jembe. Nilirudi nyumbani nikiwaza: nduma zikiisha atakula nini, matete yakiota baba mdogo atasema nini? La kwanza mama alilitatua mwenyewe, akafuga kuku na kulima bustani ya mbele mpaka ukingoni mwa mlango. La pili ndilo lililokuwa limefungiwa kamba siku ile alipopiga simu.

Jumamosi nilimkuta ng'ombe bado yupo, akitafuna matete machanga. Baba mdogo alikuja kunisalimia vizuri sana, akauliza habari za watoto, habari za biashara. Kisha akasema, "Mimi naona mulamwa amechoka kulima." Mulamwa ni shemeji kwa lugha yetu, na alilitamka neno hilo kwa upole mwingi. "Si vibaya. Ardhi ya baba yetu haiwezi kukaa bure na mimi niko."

"Haiko bure, baba. Anaiachia matete."

"Matete ni mazao?"

Ningemweleza vipi kwamba ni kwa ajili ya omena? Mimi mwenyewe nilipokuwa Bungoma nililiamini jambo lile, lakini nikisimama pale, ng'ombe akicheua, lilionekana upuuzi wa watu wa semina. Nililia kwa hasira baadaye, chooni, mama asinione.

Mama hakulia. Asubuhi iliyofuata alibeba kigoda na jembe, akashuka, akamfungua ng'ombe, akamrudisha kwa mwenyewe, kisha akaketi ukingoni mwa matete na jembe mapajani. Akakaa mpaka jua likawa kali. Hakulima chochote. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake. Watu wakipita barabara ya juu walimwona: mama fulani yuko shambani. Jembe lilionekana, na aliyelishika alionekana.

Kisha akabuni jambo lililoniaibisha. Kwenye matete, maji yalipoanza kurudi, palijitokeza chemchemi ndogo, na majirani wakawa wanakuja kuteka. Mama akawaambia: maji ni ya bure, lakini hakuna kuingia bila hodi. Hodi! Penye matete, pasipo ukuta, pasipo mlango. Na mtu akipiga hodi alikuwa akingoja mpaka aitikiwe. Vijana wa pale walimcheka, wakamwita landiledi wa vyura, mwenye nyumba wao. Mmoja alikuwa akipiga hodi kisha anafuta miguu kwenye nyasi na kuuliza sebule iko wapi. Mimi nilimsihi mama aache.

"Watu wanakucheka, mama."

"Wacheke. Si wanapiga?"

Baba mdogo peke yake hakupiga. "Siwezi kupiga hodi kwa shamba ya babangu," alisema mbele za watu, na hakuingia. Mkewe akawa anateka maji kwenye kisima chao kule juu, kilichokuwa kikitosha bado.

Lakini mtu hawezi kuketi shambani maisha yake yote, na mama alianza kuumwa magoti. Afisa alikuwa amesema tupande miti kando ya kijito, miti ya kienyeji, na nilikuwa nimemwambia mama vivyo hivyo. Mama aliona njia yake. Mti ni mpaka. Mti haukai kwenye kigoda, hauumwi magoti. Ila miti ya kienyeji, alisema, itamea yeye akiwa kaburini, na huyo mtu haogopi kaburi. Kwa hiyo mvua zilipokuja alipanda mikaratusi, safu nzima kuzunguka kinamasi, na kufikia mwaka uliofuata ilikuwa imempita urefu. Nilipoiona nilifurahi kama mjinga. Ilikuwa imenyooka, ina harufu nzuri, na mtu yeyote angejua mwisho wa shamba la mama uko wapi. Baba mdogo aliacha hata kushuka. Kwa muda wa karibu miaka miwili mama hakunifleshi.

Halafu ikalia mara moja ikakatika.

"Maji imepotea," akasema.

Sikuelewa. Akarudia. Chemchemi ilikuwa imekuwa tope, tope likawa ufa, matete yakawa ya kahawia kuanzia nchani. Majirani walikuwa wanapiga hodi na kukuta hakuna cha kuteka, wakarudi mtoni. Nilimpigia afisa wa samaki nikiwa nimesimama nyuma ya meza yangu. Aliniuliza swali moja tu: ni miti gani? Nilipomjibu akasema mikaratusi hiyo inanyonya maji, inakausha kinamasi vizuri kuliko mifereji yoyote. Akasema ing'olewe.

Nilikwenda Kitale siku hiyohiyo, na njia nzima nilikuwa nikigeuza maneno kichwani. Miti ikibaki, mama ana mpaka na hana kinamasi. Miti ikikatwa, kinamasi huenda kikarudi, huenda, hakuna aliyeapa, na mpaka umekwenda. Na magoti yake hayangemruhusu kurudia kigoda. Nilipofika nilikuwa nimeamua kumwambia aiache. Niliamua hivyo kabisa. Liwalo na liwe na ziwa. Mama yangu ni mmoja.

Nilimkuta tayari ameazima shoka.

"Mama, ngoja kwanza. Tuongee."

"Tuongee nini? Nilipanda askari, kumbe amekunywa maji yote ya nyumba."

"Na baba mdogo?"

"Na yeye ni mti, anywe swampu?"

Mafundi wawili wa kuchoma makaa ndio waliomkatia, wakachukua magogo kuwa ujira wao. Visiki vilichipua baada ya wiki chache, kwa sababu mkaratusi haukubali kufa kirahisi, na kila nilipokwenda kumtembelea tulishuka pamoja kuvunja machipukizi na kuvichubua visiki magome. Mikono ilinuka dawa ya kifua. Pale palikuwa wazi kama kichwa kilichonyolewa, na mimi nilikuwa nikigeuka nyuma kila mara kutazama barabara ya juu. Baba mdogo alikuwa akipita na baiskeli yake, polepole, bila kusimama.

Mvua za vuli zilikuja nzuri mwaka huo. Maji yalirudi kwanza kama jasho, halafu kama dimbwi, na matete yaliyodhaniwa yamekufa yakachomoza vidole vya kijani. Majirani wakarudi na mitungi. Hodi zikarudi, na sasa wale vijana hawakucheka sana, kwa sababu kiangazi kilikuwa kinaingia na visima vilikuwa vinashuka. Siku moja mama alinionyesha kitu majini, akanishika mkono nisisogee. Vitoto vya samaki, vyeusi, vyembamba, vikitikisika chini ya jani. Alikuwa ameongeza sheria: anayeteka avue viatu, akanyage kwenye mawe, asikanyage vitoto.

Sitasema ziwa lilipona kwa sababu ya mama. Omena wangu waliendelea kuja wadogo, na hadi leo nikifungua gunia kwanza nashusha pumzi. Sijui hata kama vile vitoto vilipata kufika mbali. Ninachojua ni kwamba vilikuwepo, na mama alikuwa akiviita watoto, na kwamba Jumapili moja simu yake ililia ikakatika na mwili wangu wote ukajua.

"Huyo mtu amesema kesho analeta ng'ombe ya plau. Amesema shamba imekaa bure sasa kila mtu anaona."

Nilifika jioni ile. Usingizi sikuupata. Mama alilala kama mtoto, nikamkasirikia kwa hilo.

Asubuhi tulishuka naye, akiegemea jembe. Nikamwekea kigoda penye matete. Majirani walikuwa wameanza kufika na mitungi, mmoja mmoja, hodi, karibu, hodi, karibu, na kila mmoja alijua ni siku gani lakini hakuna aliyelitaja. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nilikuwa nimepanga kulala chini mbele ya plau ikibidi. Kisha tukaisikia minyororo.

Baba mdogo alikuja nyuma ya fahali wawili, mkewe akiwaongoza mbele kwa kamba. Kisima chao kilikuwa kimekauka. Jambo hilo lilijulikana kijiji kizima, mkewe alikuwa akionekana akitoka mtoni na ndoo. Fahali walinusa maji wakiwa bado mteremkoni, wakaanza kuvuta, ndimi nje, hata mke wa baba mdogo akawa anaburutwa. Waliposimama ukingoni walikuwa wakitetemeka. Hotuba yangu nikaisahau.

Mama alibaki kwenye kigoda chake, jembe mapajani. Majirani nao walisimama na mitungi yao, wengine imejaa, wengine mitupu. Bibi mmoja mzee ambaye ilikuwa zamu yake kuteka ndiye aliyeuliza, bila ukali, akimtazama baba mdogo: "Ukirima hapa, sisi tutakunywa nini?"

Baba mdogo alitazama mitungi. Akatazama fahali wake. Nilimwona akitazama pia visiki, vilivyochubuliwa, na matete, na mama, ambaye alikuwa anamtazama magotini badala ya usoni. Angeweza kuingia. Hapakuwa na mlango.

"Baba watoto," mkewe akasema kwa sauti ya chini. "Piga tu. Tuteke maji."

Akakohoa. Akaangalia pembeni.

"Hodi," akasema.

Mama hakuitika. Nilitaka kumfinya. Nilitaka kuitika mimi kwa niaba yake, tumalize.

"Hodi, mulamwa."

"Karibu," mama akasema. "Ng'ombe ibaki hapo, utaipelekea kwa ndoo. Na utoe viatu. Kuna watoto kwa hii maji."

Baba mdogo aliinama, akavua gambuti zake, moja kisha nyingine, akaziweka pamoja kando ya njia.